Maziwa Kwenye Kichuguu

Ijumaa, 1 Novemba 2024

Jana Diwali, sikukuu ya taa ya hawa Wahindi ninaowapikia. Leo nimesugua mafuta na masizi barazani mpaka mgongo umegoma. Vitaa vya udongo kila dirisha! Mimi nikiwasha kibatari kimoja chumbani naambiwa nitaunguza nyumba.

Amma anasema kesho unaingia mwezi wa Kartika, mtakatifu kuliko yote. Kwa mpishi maana yake: vitunguu hakuna, saumu hakuna, nyama usiitaje. Kalenda yao ya Kitelugu, lugha ya kwao, iko ukutani jikoni, herufi zote mviringo, siambulii hata moja. Ila alama za mwezi mchanga na mwezi mpevu nimeshazijua. Siku za kufunga Amma anazipaka manjano kwa kidole. Novemba imekuwa ya manjano karibu yote. Mimi Mkatoliki, nafunga Kwaresima tu, na hapo nanung'unika.

Amma ni "mama" kwa lugha yao. Mwenyewe aliniomba nimwite hivyo. Alisema hakuna mwingine wa kumwita.

Jumatatu, 4 Novemba

Jumatatu za Kartika hali mpaka aone nyota. Na leo mawingu! Kasimama uani anatazama juu kama kuku anayekunywa maji. Nikamwambia, Amma, kula tu, nyota ziko hukohuko nyuma. Hataki. Mumewe — Bosi, mhandisi wa mgodini — alishashiba zamani, anaangalia kriketi kwenye simu. Baadaye wingu likafunguka kidogo, akala wali vijiko viwili.

Kesho siku ya nyoka. Anatafuta kichuguu kikubwa chenye mashimo. Nikaropoka: kwetu kipo! Nyuma ya shamba la jirani yetu Nashon. Akafurahi jamani, akanishika mikono yote miwili.

Jumanne, 5 Novemba

Tumeenda na bajaji alfajiri, watu hawajaamka. Maziwa nilichukua jana kwa Mayu Hana, mwenye nyumba wangu; mayu ni mama kwa Kisukuma. Ana ng'ombe mmoja tu, na macho mekundu ya moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote hiyo; watu wakiyaona wananong'ona uchawi.

Amma alikuwa hajatia kitu mdomoni. Akamwaga maziwa kwenye shimo, polepole. Akaweka mayai, na ufuta wa kutwanga na sukari guru. Akakipaka kichuguu manjano na ule unga wao mwekundu wa kupaka usoni, kikapendeza kama bibi harusi. Leo kwao hukati kitu kwa kisu wala huchimbi ardhi, nyoka wasije wakaumia. Akachukua udongo kidogo akajipaka masikioni, na mimi akanipaka.

Nikamuuliza anaomba nini. Mtoto, akasema. Mimba tatu zimetoka, ya mwisho hapahapa Mpanda. Kwao nyoka ndiye anayeombwa watoto. Akalia, sari imelowa umande mpaka magotini. Na mimi nikalia, mtu akilia mbele yangu siwezi. Nikasali Salamu Maria kimoyomoyo — pale pale kwenye kichuguu. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 7 Novemba

Maneno yameanza. Suzana, mke wa Nashon, alienda kuchuma mlenda, akakuta kichuguu "kimepakwa damu". Mayai, maziwa yameganda, nzi. Kakimbia anapiga kelele. Na mwanawe Shadrack ana homa tangu jana.

Nilikuwa bombani. Wanawake wote wanaongea na mimi nimeinamia ndoo yangu. Nilitaka kusema, nyie, ni sala tu ya Wahindi! Nikajitwika ndoo. Nikasema nawahi kazini.

Na chupa! Tuliisahau chupa ya maziwa. Ya mafuta ya kula, kifuniko kilipotea siku nyingi, imezibwa kwa gunzi. Chupa ya gunzi ni ya Mayu Hana, mtaa mzima unaijua.

Jumamosi, 9 Novemba

Shadrack amefariki. Hospitali wamesema malaria, damu ilimwishia. Miaka mitatu tu. Alikuwa akiniona ananiita "Tina" maana Vestina ilimshinda. Mana yanje, Mungu wangu.

Jumatatu, 11 Novemba

Amma kafunga tena mpaka nyota. Mimi pia sijala, ila si kwa ibada.

Nimetoka msibani. Hakuna anayetaja malaria. Malale, kamanda wa sungusungu, walinzi wa mtaa, alisimama na chupa mkononi, gunzi lake limo. Akamuuliza Mayu mbele za watu: hii ya nani? Mayu akasema yangu. Imefikaje kwenye kichuguu? Akasema nauzia maziwa watu wengi, chupa zinazagaa. Malale akasema taja hao watu.

Mayu akanitazama. Mara moja tu! Kisha akasema mimi mzee, nasahau.

Nilirudi naye nyumbani. Njiani nikataka kumshukuru. Akanishika kiwiko: Ng'wana wane, mwanangu, wewe usiseme kitu. Mimi ni Msukuma mwenzao, watanisikiliza. Wewe bado wanakuita mkimbizi, watakumaliza.

Nimezaliwa Tanzania, wazazi ndio waliokuja wakimbizi. Karatasi za uraia zimo kwenye sanduku, baba alipiga nazo picha siku tuliyopewa. Wakikasirika hakuna anayeuliza karatasi.

Jumanne, 12 Novemba

Leo ekadashi, siku ya kumi na moja ya mwezi. Kwao hakuna wali, hakuna nafaka. Nimekata ndizi na papai, nikajikata kidole.

Nimewaambia Amma na Bosi yote. Amma alikaa chini sakafuni, akauliza mara mbili: mtoto alikuwa na umri gani? Mara mbili. Nikamwambia aje tu aseme kwa watu kwamba ile ni sala. Kiswahili chake kinatosha.

Bosi akakataa katakata. Hawa watu watasema umeomba mtoto wa kwako, nyoka wakachukua wa kwao. Kibali cha kazi kitafutwa. Kisha akanigeukia: nenda polisi wewe, si ndiye uliyempeleka?

Ndiyo. Mimi ndiye niliyempeleka.

Jumatano, 13 Novemba

Mawe juu ya bati la Mayu. Mawili, halafu kimya. Sikutoka.

Amma leo kawasha taa mbele ya kile kivumbasi chake cha kwenye kopo, eti mti unaolewa na Mungu. Hakuimba kama siku zote.

Alhamisi, 14 Novemba

Kesho jioni mkutano. Kura ya siri! Kila nyumba inaandika jina la anayeroga, Malale anasoma. Mwaka juzi walimpigia mzee mmoja kura, kesho yake nyumba ikawa majivu na yeye hajulikani alipo.

Nimembembeleza Mayu aende Ikola kwa binti yake, anakausha dagaa kule. Nikamwambia nitakufungia mizigo mimi mwenyewe. Akasema nikiondoka watasema ndiyo mimi, na ng'ombe nimwachie nani? Akaendelea kukamua. Akanimiminia kikombe. Nimekinywa chote huku nimesimama, nimeona aibu mpaka masikio yanawaka.

Ijumaa, 15 Novemba

Mwezi mpevu. Siku kubwa kuliko zote za Kartika. Amma hajala wala kunywa maji. Tangu asubuhi amekaa anasokota tambi za pamba, moja kwa kila siku ya mwaka, ziwake pamoja jioni. Ukikosa kuwasha taa mwaka mzima, leo unalipia zote. Nikamwambia kwetu tungeiita kitubio. Akachukua pamba nyingine.

Bosi kaenda mgodini. Jirani yetu Theopista amenipigia: watu wameshaanza kukusanyika, Mayu wamemkalisha kwenye kigoda katikati peke yake, wewe uko wapi? Nikasema nipo kazini.

Amma alikuwa mlangoni, kasikia yote. Kaziacha tambi hivyohivyo, nusu zimesokotwa. Akaingia chumbani, akatoka na kipakiti cha manjano na kile cha unga mwekundu. Nitawaonyesha, akasema. Nitaweka mbele yao, nitapaka uso wangu mwenyewe, waone si damu. Nimemkumbusha Bosi alivyokataza. Akasema Bosi hakumwaga maziwa, nilimwaga mimi. Mtoto amekufa, bibi hana kosa. Twende, Vestina.

Na wakimuuliza nani alimwonyesha njia? Nani alileta chupa? Yule hajui kudanganya. Atanyoosha mkono tu kwangu.

Hapo barazani kashavaa viatu. Bajaji ameshaiita, naisikia inanguruma getini. Ananiita tena.

Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia kupika. Jiko sijaliwasha.