Sahihi ya Mama Asiyesema

Mpendwa mshauri, naandika kwa hofu, maana Jumamosi Seneta Tveit anakuja kwetu kumshukuru mama yangu kwa jambo ambalo mama hakulifanya. Mwaka wa pili sasa tunakusanya sahihi ili bunge la jimbo letu liungane na majimbo mengine kudai mkutano wa kurekebisha Katiba na kuipunguzia serikali kuu ya Washington madaraka, na mimi ndiye kiongozi wa kampeni hii wilayani, naliamini jambo hili kwa moyo wote, lakini seneta wetu katika bunge hilo la jimbo alikuwa anasitasita, na matokeo yote yakabaki kutegemea kura yake moja, basi siku moja nikiwa kando ya kitanda cha mama, ambaye tangu apigwe na kiharusi hasemi, nikajaza jina lake kwenye ile fomu ya mtandaoni inayompelekea seneta barua moja kwa moja, na chini nikamwandikia seneta kwa jina lake la kwanza, kama mama alivyozoea kumwita, “Lowell, nimechoka kuamuliwa kila kitu na watu wasiotujua.” Nilijiambia angekubali. Sikumwuliza.

Mama alikuwa karani wa kaunti miaka thelathini na moja, ndiye aliyekagua sahihi za watu, na za kughushi alizitupa bila kujali ni za nani. Juzi seneta akanipigia simu, sauti imelegea. “Binti, mwambie mama yako, Bi Arlys, nimemsikia. Kama yeye ametia sahihi, mimi nani nikatae?” Mwenzangu wa kampeni, Dell, akanitania kwamba nimemroga mzee seneta, nikacheka naye.

Sasa anakuja na pai ya tufaha, ataketi karibu na mama amsomee maneno yale, na mama anasikia yote, akili yake timamu, ukimshika mkono anaminya mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Kura ni Jumanne. Nikisema, kazi ya wenzangu itaharibika, nikinyamaza, nitamtazamaje mama?

Mwenye Hofu

Binti yangu, pole kwa ugonjwa wa mama. Majina nimeyabadilisha. Hofu yako sitakupunguzia, maana safari hii inakwambia kweli.

Mkono wake ulikuwa pale, karibu nawe, hukuushika kumwuliza, ukaandika mwenyewe. Mnalalamika Washington inawaamulia bila kuwauliza. Wewe umefanya nini? Usiniambie angekubali. Kila anayewasemea wengine husema hivyo. Na hao wenzako unaowahurumia, siku uongo huu ukigunduliwa, aibu itawaangukia wao kabla yako.

Leo, kabla ya chakula cha mchana, mpigie seneta. Usimtumie ujumbe. Mwambie jina uliliandika wewe na maneno ni yako, alifute. Atakasirika, mwache. Kisha mwambie Dell mwenyewe, asije akasikia kwa watu, na uongozi wa kampeni wilayani uurudishe kwa wenzako.

Ndipo uende kwa mama. Mweleze yote, na usilie mpaka umalize, asije akalazimika kukufariji. Mwombe radhi. Baadaye, akiwa na nguvu, mshike mkono umwulize anaonaje kuhusu huo mkutano. Akiminya mara moja, Jumanne msukume kwa kiti cha magurudumu hadi bungeni, seneta amshike mkono mwenyewe. Akiminya mara mbili, mfunike vizuri, na usimwulize tena.