Gitaa Halikuwa la Mjomba

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu tuandike kwenye tangazo la msiba wako kwamba ulipenda kwaya. Hukuimba kwaya hata siku moja. Uliimba peke yako, na gitaa lako, tangu usichana wako mpaka wiki uliyolazwa. Gitaa tuliliruka kwa aibu, na aibu hiyo leo imetugeukia.

Ulifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita. Sabuni ilikuchubua mikono, lakini ncha za vidole vya kushoto zilikuwa ngumu kama kwato. Ulizigonga mezani ukicheka: "Hizi hazijui sabuni." Wenzako wa chumba cha mashine walikuita Bendi. "Bendi kaja, fungulieni maji!" Uliwaimbia mkikunja mashuka wawili wawili, kila mmoja na pembe zake, hatua zenu zikifuata wimbo. Haya tuliyasikia kwao, msibani. Sisi hatukuwahi kukuuliza.

Nyumbani gitaa lilining'inia sebuleni, juu ya redio. Ukitoka kazini ulioga, ukala, ukalishusha. Nyimbo ulitunga mwenyewe, za mambo madogo: jirani anayepiga chafya mara saba, kiatu kimoja cha Baba kilichopotea. Baba alijifanya amekasirika, kisha akasema, "Hebu rudia ile ya kiatu."

Wakaja wakwe kumposa Dada. Asubuhi ile nilikuambia, "Mama, leo gitaa hapana. Watu wa baa ndio wanaopiga gitaa." Ukaingia jikoni. Baba mkwe alipoliona ukutani, akauliza ni la nani. Ni mimi niliyejibu haraka: "La Mjomba."

"Kumbe! Haya Mjomba, tuburudishe kidogo!"

Maskini kaka yako, asiyejua hata linashikwaje. Alilipakata kama mtoto aliyemlowesha. "Nyuzi zimelegea," akasema. Ukatoka jikoni ukijifuta mikono kwenye gauni, ukalichukua, ukalaza sikio kwenye ubao, ukakaza uzi mmoja mmoja. Kisha ukamrudishia.

"Haya, kaka. Gitaa lako."

Ukarudi kwenye masufuria. Tangu siku hiyo hukulishusha tena mbele ya mgeni, nami nikajiona nimeokoa harusi.

Uongo wangu ulikufuata hata ulipoondoka. Siku ya kugawa vitu vyako, wakwe wakiwa wameketi palepale, Mjomba alikabidhiwa "gitaa lake" na hakuna aliyefungua kinywa. Mwezi uliopita alilirudisha. Alisimama mlangoni, hata chai hakutaka. "Shika, mpwa wangu. Aibu hii ni yako. Nimekushikia mwaka mzima, nimechoka."

Basi wote mliokuwapo, wakwe zetu kwanza, jueni: gitaa lilikuwa la Mama. Na nyimbo zilikuwa zake.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado anaidai ile ya kiatu, na Dada na mumewe, na Mjomba, na wenzako wa chumba cha mashine, nami, kitindamimba wako. Tutakukumbuka daima, na safari hii gitaa likiwa mikononi mwako.

Samahani sikuombi, Mama. Nakujua. Ungesema "yameisha" kabla sijamaliza, ukanipakulia chakula. Sitaki yaishe. Siombi.