Niliuliza oksijeni, wakanitumia picha za vitanda

Goma, Jumatano

Na bado nimekasirika! Nilimuuliza yule ajenti wa safari za Bahari Nyekundu jambo moja tu. Kwenye boti yake kubwa, ile ya kulala wiki nzima na kuzamia kila siku, mutu akitoka chini ya maji anashindwa kupumua, oksijeni iko wapi? Akanitumia picha za vitanda.

Nikauliza tena. Akatuma picha ya samaki wa kuchoma.

Bwana yangu Patrice akacheka. "Mama Grâce, unauliza kama polisi. Hii ni likizo."

Likizo! Papa yangu alipanda boti ya Minova watu wakiimba, na hakuna aliyeuliza kama jile za kuokoa maisha zinatosha wote. Boti ikazama, tukamzika kijijini Kalengera. Patrice mwenyewe alibeba jeneza. Anajua yote hayo, halafu anacheka.

Nikampigia ajenti simu. "Madame, hakuna mteja amewahi kuuliza hivyo," akasema.

"Basi mimi ni wa kwanza." Nikakata.

Kuna boti nyingine, ndogo, vyumba vyake vyembamba kama kabati. Mwenye boti alipokea simu mwenyewe, akashuka ngazi akinionyesha kwa kamera ya simu njia ya kufika kwenye oksijeni, akafungua chupa ya oksijeni nikaisikia ikipuliza. "Sikia, madame."

Machozi yalinitoka, sijui kwa nini.

Patrice hakucheka tena. "Tuchukue hii," akasema polepole.

Nilimjibu kwamba nimeshachagua, na kama anataka kitanda kipana, abaki nyumbani Katindo.