Hatuchomi Mpaka Kajal Afike

3 Februari 2025

Kwa Mamkubwa Candida,

Shikamoo Mamkubwa. Natumaini hujambo, na vitenge vinatoka, na mwanao Steven ameacha kukupandisha presha. Mimi mzima wa mwili, ila nimepigwa tukio. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu mama atalia, na baba na moyo wake ule sitaki aambiwe.

Nimeibiwa pochi kituo cha treni, na pasi ya kusafiria ilikuwa humo. Polisi wamenipa karatasi yao, wakasema nenda ubalozini kwenu. Ubalozi gani? Hapa hatuna. Wa karibu uko nchi ya jirani, na bila pasi sivuki mpaka. Tulichonacho hapa ni konsuli wa heshima, yaani mzee wa huku huku, muuza vigae, aliyepewa cheo cha kutuwakilisha. Ofisi yake iko juu ya duka. Bendera yetu kaining'iniza miguu juu, bluu juu, kijani chini! Nikamwambia. Akasema imekaa hivyo miaka yote na hakuna Mtanzania aliyelalamika. Nikamuuliza, wamewahi kuja wangapi?

Akanipigia simu ubalozini. Ofisa akauliza jina, nikamtajia: Kajal Praful Solanki. Akasema, "Wazazi wako walihamia lini Tanzania?" Nikamjibu hawajahamia popote, labda pale walipotoka Kisutu wakaja Kariakoo. Hakucheka. Anataka uraia wangu uthibitishwe kwanza: barua ya serikali ya mtaa, na Mtanzania wa kunidhamini. Baba kazaliwa hapo hapo mtaa wa Mchikichi, Mamkubwa! Mimi ningekuwa na jina kama lako angeniuliza hilo swali?

Naomba unisaidie hiyo barua. Haraka sina, chuo hakijafungwa. Ila roho imeniuma sana.

Mwanao,
Kajal

5 Februari 2025

Mwanangu Kajal,

Marahaba mama. Sisi huku wazima, lakini si wote, ndiyo maana nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali. Wenzako siku hizi wanatuma sauti. Mimi nilifundishwa kuandika, nitaandika.

Baba yako kaanguka dukani jana asubuhi, kashika sufuria mkononi anamwonyesha mteja. Tumembeba mimi na Hafidhi wa duka la taa. Yuko hapa, anaongea kidogo kidogo, na neno analorudia ni jina lako. Sitakuficha, wewe si mtoto. Haraka sasa unayo.

Nimeenda kwa mtendaji wa mtaa, Bwana Ansbert. Ananiambia aje mzazi. Nikamwambia mzazi yuko hospitali anamshika mumewe mkono, na mimi ndiye niliyembeba Kajal mgongoni mama yake akiuza dukani, kwa hiyo leo mzazi ni mimi, lete kalamu. Kaandika. Steven kaipiga picha na kuituma huko ubalozini pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Mdhamini nimejiweka mimi.

Na huyo ofisa mwambie hivi: aje Mchikichi aulize mtu yeyote, kuanzia wabeba mizigo, Kajal ni mtoto wa nani. Aibu atabeba mwenyewe. Kula, usije ukaanguka na wewe.

Mamkubwa wako,
Candida

7 Februari 2025

Mamkubwa,

Shikamoo. Baba anaendeleaje? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Ofisa anasema jambo langu "linashughulikiwa". Nimemwambia baba yangu yuko mahututi. Anasema anaelewa. Kama anaelewa, anasubiri nini? Karatasi ya dharura ya kusafiria wanatoa wao, konsuli kazi yake ni kupiga muhuri tu na kunikabidhi. Basi nimeamua. Nimekaa kwenye kiti cha ofisini kwake na nimemwambia siondoki, nitarudi kila asubuhi mpaka nipate. Alitaka kukasirika, mkewe akamzuia, akaniletea supu. Mzee wa watu si mbaya. Cheo alipenda, kazi hakuitarajia.

Mwekee baba simu sikioni. Mwambie nakuja. Mwambie hata kwa miguu.

Mwanao,
Kajal

9 Februari 2025

Mwanangu,

Leo sikusalimii kwa maneno mengi. Baba yako ametutoka alfajiri. Nilimwekea simu sikioni kama ulivyosema, akasikia sauti yako, akafumba macho, akapumzika. Pole mama. Pole sana. Nalia na mimi huku naandika.

Sasa sikiliza, kuna vita. Baba mdogo wako Manan kaja na wazee wa jumuiya yenu ya Kihindu. Anasema maiti haikai, inachomwa leo leo, na kwa kuwa Praful hakuzaa mtoto wa kiume, moto atauwasha mwanawe Jeet. Nikauliza, na Kajal? Akasema mwanamke hawashi moto, halafu hata ubalozini wenyewe hawajui kama ni wa kwetu. Kajal, aliyasema hayo mbele ya mama yako!

Nikamwambia Manan, kwetu Kibosho maiti haiendi popote mpaka watoto wote wafike, hata kama mmoja yuko mwisho wa dunia. Akaniambia hapa si Kibosho. Ni kweli, na nilikuwa nimeshajiaibisha, maana asubuhi nilileta jeneza la mbao za mninga, la bei mbaya. Kumbe hamtumii! Miaka yote hii ya ujirani, nilidhani mnachomea humo humo ndani. Mama yako kaliona linashushwa mlangoni, akacheka huku machozi yanamtoka.

Kisha akasimama. Taraben, ambaye hajawahi kumbishia shemeji yake hata bei ya chai. Akasema, "Dada Candida amesema sawa. Hatuchomi mpaka Kajal afike." Tukamtangulia Manan mochwari, tukaandikisha kwamba mwili hautoki bila mke wa marehemu. Tangu hapo tunapokezana kukaa pale mlangoni. Mhudumu ametuzoea, ametuletea viti.

Manan katuma watu wa jumuiya kumsihi mama yako, mama yako akakubali tusubiri mpaka Jumatano alasiri, si zaidi. Ukichelewa, Jeet ndiye atawasha.

Na ofisa wako kanipigia. Anauliza, "Wewe mdhamini ni Mchaga, huyu ni Mhindi, udugu wenu ni upi?" Nikamwambia, kijana, nimemwogesha, nimemchapa, nimempeleka shule, na hivi sasa nimekaa na maiti ya baba yake. Wewe huko uliko unaitwa mwakilishi. Unamwakilisha nani? Akasema, "Pole, mama. Nalifanya leo."

Njoo.

Mamkubwa wako,
Candida

12 Februari 2025

Mamkubwa,

Shikamoo wewe, shikamoo mama, na mwambie asitoke hapo mlangoni mwa mochwari.

Karatasi ilifika juzi kwa basi. Muhuri haukuonekana, mkewe konsuli kaukuta kwenye droo la vijiko. Mzee alivaa suti kunikabidhi. Ofisa alipiga simu kuniaga, akaniuliza kama nina kinyongo. Nikamwambia ninacho, na nitakuwa nacho mpaka aache kuwauliza wenzangu walihamia lini.

Ndege imechelewa. Nimetua, nipo foleni ya uhamiaji, mkononi nina begi moja na hiyo karatasi. Dada wa hapa mbele kanielekeza mara mbili niende foleni ya wageni. Mara ya kwanza nilimjibu kwa upole. Ya pili nimemwambia wageni wale kule, mimi nina msiba nyumbani, nipishe. Watu wamegeuka kunitazama. Wanitazame.

Najua leo ndiyo Jumatano na saa zimekwenda, na najua baba mdogo keshavaa nguo nyeupe za msiba. Mpe simu asome mwenyewe: Baba mdogo, shikamoo. Jeet namheshimu, na asimame karibu yangu akitaka. Lakini asishike kitu. Moto wa baba yangu nauwasha mimi.

Wameniita. Nakuja.

Mwanao,
Kajal