Kwa Kadzo, Aliyeumwa na Nge Bila Kulia

Mwanangu Kadzo,

Leo nilipokuwa nafagia uani hapa Junda, penye mawe ya kujengea, nimemkuta nge. Nimemponda kwa kandambili, kisha nikakaa chini.

Unamkumbuka wako? Ulikuwa darasa la pili. Ulimleta kiganjani, kidole kimeshavimba, ukaniambia, "Mama, huyu ananifinya tu." Babako aliwahi kuumwa na nge, mtu mzima yule, akagaagaa kutwa. Wewe ukaomba uji. Majirani wakasema una kinga. Mimi nikasema una kichwa kigumu, maana hata fimbo zangu hukuzililia.

Hapo ndipo ninapoungua. Nilikuchapa ili ulie. Mtoto akilia mzazi huacha. Wewe ulinitazama tu, nami nikazidisha. Nikakuombea Mungu akulainishe moyo. Siku ulipoanza kulia nikashukuru kanisani mbele ya watu. Dadako alinieleza, tulipokwisha kukuzika, kwamba ulilia kwa kujifunza. Ulimwambia, "Nikilia, mama anaacha upesi."

Kidole tumbo kilipokupasukia ulisema una usingizi. Tulifika hospitali tumechelewa. Daktari akauliza kama hukuwahi kulalamika, nikamsimulia habari ya nge. Akachukua karatasi, akanichorea mshipa wa fahamu. Mshipa huu una vilango vya chumvi, akasema. Chumvi ikiingia, habari ya maumivu hupita, kisha kilango hujifunga. Sumu ya nge hukishika kisifungike, ndiyo maana babako aligaagaa vile. Wataalamu waliifuata sumu hiyo, wakatazama inashika wapi, ndivyo walivyovijua vilango hivyo na kazi yake. Vyako vya maumivu, alivyodhani yeye, havikufunguka tangu uzaliwe.

"Mama, mtoto huyu hakuwa mkaidi," akaniambia.

Wao walijua kwa mdudu. Mimi niliyekuzaa, nikakuogesha, nikakufunga kaniki mgongoni, sikujua.

Watu wanakuja kunifariji, wanakunywa chai yangu, wanasema angalau hukuumia. Naitikia amina, ila moyoni nawachukia. Fimbo hukuisikia, lakini uso wangu uliuona.

Mungu nimemwomba msamaha, na naamini amenisamehe. Wewe bado sijakuomba, Kadzo. Nachelea utanijibu haikuuma.

Lala, mwanangu.

Ni mimi, mamako.