Mkanda wa Mawifi

Tena,
3 Februari 2025

Mpendwa wifi Triza,

Pokea salamu za Mwaka Mpya, ingawa mwaka wenyewe umeshaanza kuchakaa. Mimi ni mzima, ila goti. Kaka yangu Musyoka hajambo? Watoto wamerudi shule?

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu zangu hushiki. Lydiah, mfanyakazi mwenzako, atakupa barua hii huko kiwandani.

Kocha Opicho ametupa hadi tarehe 29 Machi. Tusipoutetea mkanda wa mieleka ya wanawake wawili wawili siku hiyo, atatangaza hauna mwenyewe. Kumbuka mkanda huo ulikotoka, Triza. Opicho alikuwa akishinda na simu akitazama mieleka ya Meksiko, wanawake wa vinyago wakiruka kama panzi, akasema hata Eastlands tunaweza. Mwaka 2019 akakata ngozi ya kiti kilichoraruka, akapachika mfuniko wa sufuria katikati, akasema huo ndio ubingwa. Wa kwanza kuuvaa ni mapacha wa Ziwani. Wakakaa nao miezi minane, mmoja akapata mimba. Corona ikauweka kabatini miaka miwili. Kisha wakaushika Marion na Nakhumicha wa Kayole, wakautetea mara tatu, mpaka sisi tukawanyang'anya. Sisi tumeutetea mara tano! Hakuna jozi iliyofika hapo. Leo uachwe kwa sababu ya jino lako moja?

Ile Desemba nilipojirusha kutoka kamba ya juu, nilikuwa nimemlenga Marion. Nafikiri ulisogea.

Wifi yako akupendaye,
Kavinya


Kware,
10 Februari 2025

Kavinya,

Sisi hatujambo, na watoto wako shule. Pole na goti.

Sikusogea. Nilikuwa nje ya kamba kwenye kona yetu, nimenyoosha mkono unipige kiganja niingie. Ukanipiga kisigino. Marion alikuwa upande wa pili kabisa, na alicheka.

Na hilo jino ni la mbele. Mamako aliponiona Krismasi kule Kitui, nilimwambia nilianguka bafuni. Aliniangalia, akamwangalia kaka yako. Januari nikafungua mlango nikamkuta amesimama na magunia mawili. Akaniambia, "Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Bafu halina ngumi."

Tangu siku hiyo analala kitandani na mimi, Musyoka analala kwenye kochi. Amempeleka kwa pasta Jumapili tatu mfululizo ashauriwe kuhusu hasira. Musyoka huyu huyu, ambaye akiona mende huniita mimi! Alituapia kwamba siri yetu ya kupigana mieleka kwa vinyago haitatoka kinywani mwake, na haijatoka. Lakini amekonda.

Mazoezini siwezi kuja. Mama ananisindikiza hadi dukani. Ukitaka mkanda, njoo umwambie mamako ukweli kwa mdomo wako.

Mke wa kaka yako,
Triza


Tena,
3 Machi 2025

Mpendwa wifi,

Natumaini umeamka salama, na mama pia.

Jana uliniona mwenyewe: nilikuja, na ndizi nimebeba. Maneno nilikuwa nayo tayari. Lakini kabla sijakaa, mama alinivuta jikoni, akanishika mikono yote miwili. "Kavinya, namshukuru Mungu wewe hujui vurugu. Jumamosi uko kwenye masomo ya kompyuta, Jumapili kanisani. Nisaidie kumlinda huyu." Nikasema, "Sawa, mama."

Nisamehe, Triza. Hukusogea. Mimi nikiruka hufumba macho. Huwa nafumba kila mara, miaka yote hii, na sijawahi kumwambia mtu.

Nasikia mama ameita wazee tarehe 15, wajomba zangu na baba yako kutoka Bungoma. Nitasema siku hiyo mbele ya wote. Naapa.

Wifi yako,
Kavinya


Kware,
16 Machi 2025

Kavinya,

U mzima? Nauliza kwa sababu jana ulimpigia mama ukasema tumbo limekushika.

Basi sikia ulichokikosa. Baba yangu Wafula alisimama akasema hakulea binti awe ngoma ya mtu. Mjomba wako Nzau akaamua Musyoka atoe mbuzi wawili na aombe msamaha. Wote wakamgeukia. Kavinya, yule mwanamume alinitazama kidogo, kisha akasema, "Nitatoa." Alikuwa tayari kuitwa mpiga mke mbele ya baba yangu, kwa siri isiyokuwa yake.

Nikaona hapana. Nikaenda chumbani, nikatoa kinyago chini ya godoro, nikakivaa, nikarudi nikawaeleza.

Mjomba Nzau akacheka, akasema mwanamke hawezi mieleka. Nikamwomba ruhusa kwa heshima, nikambeba mabegani, nikamzungusha mara mbili, nikamlaza kwenye kochi polepole. Akasema, "Nimeamini," akaomba maji.

Mama hakucheka. Aliuliza, "Na huyo mwenzako aliyekung'oa jino ni nani?" Sikukutaja. Nilisema tu huvaa kinyago cha kijani. Akajibu, "Tarehe 29 nitakuja nimwone huyo wa kijani."

Mimi naanza mazoezi kesho. Usipotokea, nitakuwa nimejua wewe ni mtu wa aina gani.

Mke wa kaka yako,
Triza


Tena,
31 Machi 2025

Wifi yangu Triza,

Mbavu zinaendeleaje? Mimi nina nundu kichwani kama yai la bata.

Wewe ulikuwa chini, Nakhumicha amekukalia mgongoni, kwa hiyo acha nikueleze mambo yalivyokuwa, maana mtaani kila mtu ana yake. Nilipanda kamba ya juu. Mara hii macho nimeyatoa. Ndipo nikamwona mama kwenye safu ya mbele akivua viatu. Kufumba na kufumbua amepanda ulingoni na mwavuli. "Wewe wa kijani! Leo utanijua!" Mwavuli ukatua kichwani, nikaanguka, akanikalia, akanivua kinyago.

"Kavinya?"

"Ndiyo, mama."

"Na kompyuta?"

Ukumbi mzima ulikuwa unangoja jibu. Nikasema hakuna kompyuta, ni mimi niliyemng'oa Triza jino, ni mimi niliyemwacha Musyoka abebe lawama, na tumbo langu halikuuma.

Refa Kweyu akasema mtu wa nje akimpiga bingwa, wanaoadhibiwa ni wapinzani. Marion akapiga kelele kwamba huyo mama hamjui. Kweyu akasema sheria ni sheria, mkanda ukabaki kwetu. Sijivunii.

Mama hajanisemesha tangu hapo. Musyoka ndiye aliyeniinua, akauliza kama goti li salama. Hilo liliniuma kuliko mwavuli.

Nifanye nini?

Wifi yako,
Kavinya


Kware,
6 Aprili 2025

Wifi yangu Kavinya,

Tuko salama, mbavu zimepoa.

Jana mama alipika kuku, akamwekea Musyoka firigisi na mapaja yote mawili. Kisha akasimama mbele yake kama mtoto mbele ya mwalimu. "Nilikuhukumu bila kuuliza. Nisamehe, mwanangu." Musyoka akalia hadi akashindwa kula. Akamwambia, "Ulifanya vizuri, mama. Ingekuwa kweli, ningetaka uje." Hapo sote tukalia, na watoto wakala mapaja.

Mjomba Nzau amepiga simu anataka wale mbuzi wawili sasa uwatoe wewe. Mama amemjibu aje awafuate mwenyewe ulingoni.

Nimemwambia Opicho mkanda wa mwavuli hatuvai. Tutapigana na Marion na Nakhumicha upya tarehe 26. Mama alikuwa amekata tikiti ya kurudi Kitui leo, ameibadilisha. Anasema atakaa kwenye kona yetu, na tayari ameanza kunifundisha, yeye ambaye ameona mieleka mara moja.

Mazoezi ni Jumanne saa kumi na moja jioni. Tafadhali, njoo mapema. Usiniache naye peke yangu.

Wifi yako,
Triza