Nyumba Yangu ya Tenke

Kazi moja, jumatatu le 3 mars 2025
Siku ya munane tunalala mu salle ya paruwasi. Familia kumi na mbili. Mi, binti yangu Fidélie na batoto yake batatu. Bacreuseurs balichimba madini chini ya avenue yetu, Musonoi, mpaka manyumba ikaingia mu shimo. Yangu njo ilianguka ya mwisho! Sababu nilijenga mi mwenyewe.

Kazi tatu, le 5 mars
Province imetoa franga ya serikali, kujengea bale habana fasi ya kulala. Mama Stéphanie wa bureau ya province alikuja kuandika majina. Akaniuliza mbele ya bote: Tata Kabamba, uko na nyumba ingine? Badibanga, jirani yangu wa zamani, alikuwa anachekelea. Eti chef wa pelle, ile mashini kubwa ya kuchimba, miaka makumi tatu, leo anagawana kikombe na batoto. Mi! Nikajibu: iko, kule Tenke. Ya matofali, vyumba ine, mabati mupya. Badibanga akaacha kucheka! Mama Stéphanie akaandika.

Kazi tano, le 7 mars
Liste ya bale batajengewa iko ku mulango. Familia kumi na moja. Siye hapana. Fidélie alisoma mustari ya chini mara mbili: Kabamba, iko na nyumba Tenke. Akauliza, Tata, nyumba gani? Nikasema bale ba bureau habajue kuandika. Hakulia. Paruwasi inataka salle yake, kisha yenga, siku ya misa, bote batoke.

Posho, jumamosi le 8 mars
Tenke hakuna nyumba. Kiwanja tu, na niliuzisha zamani. Naandika hapa, kwingine sisemi.
Fidélie alienda bureau peke yake. Balimurudisha: mukubwa wa familia aseme mwenyewe kama hana nyumba, kazi moja, mbele ya familia zote, zikuwe bashahidi. Nikasema siendi. Niseme imeungua? Nyumba nzuri vile!

Kazi moja, le 10 mars
Niko mu mulongo ku bureau, Fidélie amenileta. Naandika juu ya goti. Badibanga amekaa mbele kabisa. Jina yake iko ku liste, amekuja kushuhudia ao kucheka? Ananiita: Patron wa Tenke! Balokateri ya nyumba yako balishalipa franga? Bantu banacheka.
Sasa mama Stéphanie: Tata Kabamba, simama, useme bote basikie. Nimejibu, ngoja mama, niko naandika. Anangoja. Badibanga amekohoa. Fidélie ananyoosha mukono. Tata, anasema, lete cahier. Simama.
Mustari moja tu, binti yangu, usivute cahier, ni